Una Nini Ndani ya Simu?



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ulichokishika mkononi sasa hivi. Ndiyo, hicho hicho unachosomea ujumbe huu. Usiogope, sijaja kukukemea kwa kukaa sana kwa simu. Somo hilo umelisikia mara nyingi, na pengine ulilisikilizia kwa hiyo hiyo simu. Leo nimekuja na swali moja tu, na nakuomba ulibebe mpaka wakati wa chakula cha jioni.

Bwana akikuita usiku huu, kuna mtu hata mmoja nyumbani kwako anayejua ndani ya simu yako kuna nini?

Chukua Biblia yako, soma 2 Wafalme 4, mstari wa 1 hadi wa 7. Mama mmoja anamlilia Elisha. Mume wake amekufa. Alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na mama huyu anamkumbusha Elisha kwamba marehemu alikuwa mtu wa kumcha Bwana. Lakini aliyekuwa akimdai amekuja, na anataka kuwachukua wavulana wake wawili wawe watumwa.

Simama hapo kidogo. Huyu baba hakuwa mlevi. Hakuwa mchezaji kamari. Alikuwa mtumishi, mtu wa madhabahuni. Na bado alipofariki, deni lilibisha mlangoni kabla machozi hayajakauka. Kumcha Mungu kulimpeleka mahali pema, lakini hakukumwandikia mke wake mambo ya nyumba yake.

Sisi Wapentekoste tunapenda kukimbilia mafuta yaliyojaza vyombo vyote. Mimi pia nayapenda. Lakini kabla ya mafuta kuna swali. Elisha anamwuliza mjane ana nini nyumbani. Na mjane anajua! Hana kitu ila chombo kimoja cha mafuta. Ni jibu dogo, lakini ni jibu. Muujiza ulianzia kwa kitu alichoweza kukitaja.

Sasa mlete Elisha katika Kenya ya leo, amkalishe mjane wa mtaa wako, amwulize swali lile lile. Mama huyu atajibu nini? Atasema, "Mtu wa Mungu, sijui. Kila kitu kilikuwa kwa simu yake, na simu imefungwa."

Mpendwa, hapo ndipo tumefika.

Fikiria siku yako moja tu. Asubuhi unatuma nauli ya mtoto. Unalipa matatu kwa simu. Stima imeisha, unanunua tokeni kwa simu. Mwalimu anadai karo, unalipa kwa paybill. Mama kule nyumbani anapiga, unamtumia elfu mbili za dawa. Chama kinachanga kwa simu, kikundi kiko WhatsApp. Jioni pesa hazitoshi, unaongezea na Fuliza. Umelala, na hujagusa noti hata moja.

Haikuwa hivi zamani. M-Pesa ilianza Machi 2007, na wengi wetu tulidhani ni njia tu ya kutuma pesa nyumbani. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, simu ikawa mahali pa kuweka akiba na kukopa. Januari 2019 ikaja Fuliza, ukaweza kutumia hata pesa ambazo huna. Aprili 2021 serikali ikazindua Ardhisasa, na habari za mashamba zikaanza kuingia mtandaoni. Mwaka 2023 tukaambiwa huduma zaidi ya 5,000 za serikali ziko eCitizen. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na watu wengi wakajisajili kwa kubonyeza *147#. Mambo yameingia kwa simu moja baada ya jingine, polepole, mpaka nyumba nzima ikahamia huko.

Babu zetu walikuwa na sanduku la chuma chini ya kitanda. Humo mlikuwa na hati ya shamba, kitabu cha benki, risiti za maziwa au kahawa, vyeti vya kuzaliwa na picha za harusi. Sanduku lilikuwa na kufuli, lakini mzee akifariki, wazee waliita fundi, kufuli likavunjwa mbele ya watu, kila kitu kikaonekana. Sanduku la leo haliwezi kuvunjwa kwa nyundo.

Niwasimulie jambo nililoliona. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili familia isijulikane. Ndugu mmoja, fundi, mtu mpole na mwenye bidii kanisani, aliugua ghafla usiku na kufariki kabla ya kufika hospitali. Kesho yake jioni tulikaa na kamati ya mazishi nyumbani kwake. Simu yake ilikuwa mezani, kando ya thamosi ya chai. Kila baada ya dakika chache iliita. Kioo kilikuwa kinawaka, ujumbe unapita, kisha giza. Ujumbe mmoja ulisema mkopo unatakiwa kulipwa baada ya siku mbili. Mwingine ulitoka kwa mtu aliyeuliza kazi yake itaisha lini, maana alikuwa amelipa nusu. Sisi sote tuliona, na hakuna aliyeweza kujibu.

Mjomba mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba simu ipelekwe chumba cha maiti, kidole cha marehemu kiwekwe pale, ifunguke. Nyumba ikanyamaza. Mjane akainua uso akasema, "Mwacheni baba watoto apumzike." Hakuna aliyeongea tena.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Ndugu huyu alikuwa mweka hazina wa chama cha watu kumi na wanne, na pesa za chama zilikaa katika laini yake mwenyewe. Wanachama walikuja kulia, na wakaja tena kuuliza. Mjane hakujua ni pesa ngapi, hakujua za nani ni zipi, wala kama zipo. Baada ya mazishi maneno yakaanza. Kwamba marehemu alikula pesa. Kwamba mke anajua na anajifanya hajui. Wamama aliokuwa akipika nao chai kanisani wakaanza kumpita sokoni bila salamu.

Ilichukua miezi. Cheti cha kifo, kitambulisho, barua ya chifu, kwenda na kurudi, nauli juu ya nauli. Mwishowe hesabu ikapatikana. Na mnajua nini? Pesa za chama zilikuwako zote, mpaka shilingi ya mwisho. Ndugu yetu alikuwa mwaminifu kama tulivyomjua. Lakini kwa miezi ile yote mtaa ulikuwa umemhukumu kuwa mwizi, na yeye hakuwa na kinywa cha kujitetea.

Mpendwa, kumbe inawezekana uwe mwaminifu mbele za Mungu, na bado umwachie mke wako aibu, kwa sababu uaminifu wako ulikuwa umefungwa ndani ya simu.

Najua sasa kuna mtu anayesema, "Mchungaji, sipokei! Mbona unanitabiria mauti?" Nimesikia hilo mara nyingi. Katika makanisa yetu mtu akitaja kifo chake tunamkemea, tunamwambia akiri uzima. Nami naamini katika kukiri uzima. Lakini soma Waebrania 11:22. Katika orodha ya mashujaa wa imani yupo Yusufu, na jambo linalotajwa juu yake hapo si ndoto, si ukuu wa Misri, si jinsi alivyomkimbia mke wa Potifa. Linalotajwa ni kwamba alipokuwa karibu kufa aliagiza habari za mifupa yake. Mungu aliyahesabu maagizo ya mazishi kuwa imani! Yakobo naye aliwaambia wanawe mahali pa kumzika. Na Bwana wetu Yesu, akiwa msalabani, katikati ya maumivu, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Kama Mwokozi alipanga mambo ya mama yake akiwa na misumari mikononi, wewe uliyeketi kwa kiti na chai yako unashindwa na nini?

Hezekia aliambiwa aweke nyumba yake sawa maana atakufa. Aliomba, akaongezewa miaka 15. Lakini nyumba iliyowekwa sawa haimfupishii mtu siku zake. Inawapa watu wake amani siku hizo zikiisha.

Kuna mwingine ambaye hofu yake si kifo. Hofu yake ni kile kilicho ndani. Mikopo ya simu mitano ambayo mke hajui. Kamari ya usiku. Pesa zinazotumwa kwa mtu ambaye hapaswi kujulikana. Ndugu yangu, dada yangu, sitakupigia kelele. Nakuambia kwa upole: simu inafunga siri kwa muda tu. Siku hiyo kioo kitawaka mezani, mbele ya mama yako na watoto wako, na hutakuwepo kueleza. Heri useme leo ukiwa na sauti, ulie, uombe msamaha, upangiwe njia ya kulipa. Nimeona nyumba zikipona kwa maungamo. Sijaona nyumba ikiponywa na ugunduzi wa kaburini.

Tena niseme na akina mama fulani. Kuna mke ambaye akiba yake ameificha kwa sababu mume akiijua itaisha kwa pombe, au atapigwa. Mama, sikuambii umpe mtu asiye salama kwako. Nakuambia pasikose mtu. Dada yako, mtoto aliyekomaa, mama wa kanisa unayemwamini. Watoto wako wasije wakakosa karo na pesa zao zipo.

Basi tufanye nini? Nawaeleza yale ambayo mimi na mama mchungaji tunafanya, na mengine niliyojifunza kwa kukaa na familia zilizofiwa.

Kwanza, nunua daftari. Ndiyo, karatasi na kalamu. Julai 2023 mtandao wa eCitizen uliposhambuliwa, watu walikwama na huduma zao, hata tokeni za stima zikasumbua. Karatasi haihitaji mtandao wala chaji. Andika laini zako zote, na kila moja imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Andika benki, sacco, chama, bima, SHA. Andika shamba au ploti, na umelipa kiasi gani. Andika unaodaiwa nao na wanaodaiwa nawe. Andika na yale ya kila mwezi: mama anatumiwa ngapi, kodi inalipwa tarehe gani, mtoto yupi ana salio la karo. Sisi daftari letu linakaa pamoja na vyeti vya watoto, na kila Januari tunakaa chini tunalisahihisha. Kazi yenyewe ni ya saa moja.

Pili, usiandike PIN humo. Hapa watu wengi wanachanganya. Siri na habari ni vitu viwili. PIN ni siri yako, na matapeli wako kila mahali. Lakini kwamba una akaunti fulani mahali fulani, hiyo ni habari, na familia inaihitaji. Mtu akifariki, mali yake inalindwa na sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo usidhani kumnong'onezea mtoto PIN ndiyo kupanga mirathi. Huenda ukamwachia kesi na ndugu zake. Wakijua pesa ziko wapi, watafuata njia ya haki wakiwa na karatasi zao.

Tatu, tenganisha pesa za watu na zako. Akaunti ya M-Pesa siku hizi inaweza kubeba hadi shilingi 500,000. Hizo si pesa za kukaa kwa laini ya mtu mmoja huku ni za watu kumi na wanne. Chama kiwe na akaunti ya kikundi, yenye zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha, na hesabu isomwe kila mkutano. Kwetu kanisani sadaka haipiti katika laini ya mchungaji. Inaenda kwa akaunti ya kanisa, na waweka hazina wanaona kila inapoingia na inapotoka. Mimi nikiitwa leo, hakuna atakayemwuliza mke wangu fungu la kumi liko wapi.

Nne, angalia jina la mrithi uliloandika. Sacco, bima na waajiri wengi hukuuliza jina hilo siku ya kujiunga. Kuna mtu aliandika jina la mama yake akiwa kijana bila mke. Mama alishalala, yeye ana mke na watoto watatu, na jina bado ni lile lile. Kesho nenda ulibadilishe.

Tano, andika wosia. Wosia si wa matajiri peke yao. Kwa sheria yetu, wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na ni vizuri wasiwe wale unaowarithisha. Wosia wa mdomo pia upo, lakini lazima usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na unasimama tu kama aliyeusema amefariki ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo yale uliyosema ukichoma nyama Krismasi ya mwaka juzi hayatasaidia. Mimi ni mchungaji, si wakili. Ukiwa na mali yenye utata, mtafute wakili.

Sita, kumbuka mambo ambayo si pesa. Picha za watoto, sauti ya baba, ujumbe wa mwisho wa mama. Google wana sehemu ya kuchagua mtu atakayepewa vitu vyako akaunti ikikaa muda bila kutumika. Apple na Facebook nao wana njia ya kumteua mtu wa kushughulikia akaunti yako ukifariki. Mwombe kijana wako akuonyeshe. Nimeona mama akilia si kwa sababu ya shilingi, bali kwa sababu picha za mwanawe zote zilibaki nyuma ya kioo kilichofungwa.

Msidhani haya ni maneno ya hofu tu. Nchini mwetu kuna mamlaka ya serikali, UFAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kazi yake ni kushika pesa na mali ambazo wenyewe hawajazidai: za benki, za bima, za hisa, hata za simu. Inashikilia mabilioni ya shilingi. Sehemu ya fedha hizo ni jasho la watu waliolala bila kumwambia mtu. Na pengine mjane wake anaomba chakula kwa jirani, au mtoto wake ameketi nyumbani kwa sababu ya karo.

Na tunakokwenda, sanduku hili litazidi kuwa kubwa. Serikali imeanzisha Maisha Namba, nambari ambayo imekusudiwa kumfuata mtu tangu kuzaliwa mpaka kufa. Watoto wetu hawatajua kitabu cha benki. Hati zao, kura zao za chama, rekodi zao za hospitali, hata barua zao za mapenzi, zitakuwa huko. Sipingi. Simu imembariki mama mboga asiyeweza kufungua akaunti ya benki. Imemfikishia bibi dawa usiku. Injili yenyewe inakufikia kwa simu sasa hivi. Lakini kadiri nyumba inavyohamia ndani ya simu, ndivyo mwenye nyumba anavyopaswa kuwaonyesha watu wake milango.

Vijana, msicheke mkidhani hili ni la wazee. Wewe ndiwe uliyemwekea mama yako M-Pesa, ukamchagulia PIN, ukamsajili SHA. Wewe ndiwe unayejua mambo yake kuliko yeye. Mwandikie na yeye daftari lake, kwa lugha anayoisoma.

Basi jioni ya leo, baada ya kula na kabla ya maombi, weka simu mezani ikiwa imelala kifudifudi. Chukua kalamu. Anza kwa mstari mmoja tu, usijaribu kumaliza yote. Mwambie mwenzako, "Nataka ujue tuna nini nyumbani." Pengine jibu litakuwa dogo kama chombo kimoja cha mafuta. Usione aibu. Mungu wetu hajawahi kudharau kidogo kilichotajwa kwa ukweli.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa uzima na kwa miaka uliyotuandikia. Tupe ujasiri wa kuweka nyumba zetu sawa tukiwa na nguvu. Wafunulie walio na siri neema ya kuungama mapema. Wakumbuke wajane na mayatima wanaohangaika na karatasi ofisi hadi ofisi, wape kibali mbele ya kila meza. Safisha jina la kila mwaminifu aliyesingiziwa. Na siku utakapotuita, utukute tayari, sisi na nyumba zetu. Amina.

Kama Bwana amesema nawe, andika Amina hapo chini, kisha mtumie ujumbe huu mtu mmoja unayekula naye meza moja.

Barikiwa sana. Tuonane Jumapili.